Barieri za Bure Ndani ya Draiva

Kuna kazi ambazo ukizitaja matangani watu wanakupisha kiti: ualimu, uuguzi, udereva wa Fuso. Yangu haimo. Mimi ninalipwa kufuta. Nakaa Kampala, katika ofisi yenye feni moja inayogombaniwa na watu wazima, na tunatengeneza visanduku vya kusimamia umeme wa jua kwa ajili ya zahanati na maduka ya vijijini. Ndani ya kisanduku kuna bodi, kwenye bodi kuna chipu ya kuchaji betri, na kati ya chipu na Linux kuna draiva, yaani programu ndogo inayoielekeza mashine namna ya kusemezana na ile chipu. Draiva yenyewe niliikuta. Walioizaa wameshahamia kwenye mishahara minono. Mimi nimeachiwa malezi, na malezi yenyewe ni kung'oa vizuizi.

Kwa walionusurika na ulimwengu huu, nieleze upesi. Katika lugha ya C, kabla kompaila haijausoma msimbo, hupita kwanza priprosesa. Hiyo ikikutana na mstari wenye #ifdef na jina la chaguo fulani, huuliza swali moja tu: chaguo hili limewashwa? Limewashwa, msimbo unapita. Halijawashwa, kila kilichoandikwa mpaka kwenye #endif (au #else, inayofungua njia ya asiyetimiza sharti) kinaondolewa, na kompaila haitajua hata kama kiliwahi kuwepo. Si ujinga. Linux ileile iko kwenye simu, kwenye ruta iliyotundikwa ukutani, na tangu Novemba 2017 iko kwenye kompyuta zote 500 za ile orodha ya zenye nguvu kuliko nyingine duniani. Ruta haina sababu ya kubebeshwa mizigo ya hao wakubwa, ndiyo maana masharti yakawekwa.

Mtu wa kwetu akielezwa hivyo haombi mfano. Kwetu ni Kibua, mashariki mwa Kongo, kwenye barabara inayotoka Masisi kupitia Nyabiondo kuelekea Walikale, na mtoto wa huko anakijua kizuizi cha masharti kabla hajajua kusoma. Miti miwili imesimikwa, kamba au mwanzi umelazwa katikati, pembeni kijana kaketi juu ya kidumu cha njano. Una jeton ya mwezi huu? Kamba inashuka. Huna? Teremsha mzigo tuuone. Mwaka 2017 watafiti wa IPIS ya Ubelgiji na DIIS ya Denmark walizihesabu barieri za Kivu zote mbili wakapata 798, na kati ya hizo 312 zilikuwa za Kivu ya Kaskazini. Ripoti yao waliipa jina linalosema kwamba kila kitembeacho kitatozwa. Wasomaji wa mbali waliona jina hilo ni kali. Kwetu lilikuwa maelezo tu ya safari. Na hapo bado hujatozwa ile kodi inayoitwa lala salama, ambayo hulipwa hata na asiyetembea.

Mjomba wangu alibaki nyumbani na biashara yake ya chumvi, sabuni na mawese. Jioni hupanda kilima kutafuta rezo, akiipata hunipigia, na kila akinipigia huuliza tena kazi yangu ni ipi, kwa matumaini kwamba safari hii nitajibu vizuri zaidi.

"Mupwa, uko nalipwa ya kufuta?"

"Ndiyo, mujomba."

"Kufuta nini?"

Nikamwambia: barieri. Ziko ndani ya kompyuta, ila ni barieri, na nyingi hazina kazi. Akanyamaza mpaka nikadhani rezo imekatika.

"Na benyewe banasema nini?"

Tangu siku hiyo naamini mjomba angefaa kuongoza idara yetu. Hakuuliza barieri ni ya nini. Hakuuliza inazuia nani. Aliuliza wenyewe wanasema nini, na hapo ndipo kazi yangu yote inapokwama.

Maana wenyewe hawapo. Kuna amri iitwayo git blame, inayokuonyesha kila mstari uliandikwa na nani na lini. Ukiielekeza kwenye #ifdef ya zamani unamkuta mtu ambaye kosa lake pekee ni kusogeza mistari kulia kwa tabo moja. Ukichimba chini yake unamkuta aliyehamisha faili kutoka folda hii kwenda ile. Chini ya huyo yuko mmoja aliyeacha maelezo ya neno moja lisilosema kitu, na anwani ya barua pepe inayorudisha ujumbe kabla hujanyanyua kidole. Kizuizi kipo, msimamizi yupo, aliyekiweka hayupo, na msimamizi anakilinda kwa sababu alikikuta.

Sasa tuziangalie zenyewe. Ya kwanza inanikera kuliko zote. Draiva yetu ina faili la Kconfig, na humo imetangazwa wazi kwamba inategemea OF, ule utaratibu wa kuieleza Linux kwamba kwenye bodi hii kuna vifaa gani na vimeunganishwa wapi. Bila OF, draiva haikompailiwi hata herufi moja. Vizuri. Halafu unafungua msimbo, hujafika mbali, unakuta #ifdef CONFIG_OF. Yaani umeshatozwa Nyabiondo, njia ya panya hakuna, hakuna kiumbe awezaye kufika hapa bila kupita kule, na hatua chache mbele kuna kamba nyingine inayouliza kama ulipita Nyabiondo. Ungedhani imeishia hapo. Chini kuna #else! Kuna msimbo ulioandikwa kwa ajili ya msafiri asiyeweza kuwepo. Mtu mzima aliketi, akafikiri, akaandika mistari ya kumpokea, akaipanga, akaiwekea maelezo. Nimeisoma. Imeandikwa vizuri kuliko sehemu nyingine yoyote ya draiva.

Ya pili ina historia yake, kwa hiyo nitaisema kwa adabu. Draiva nyingi zina kitendaji cha kukilaza kifaa mashine inaposinzia na kingine cha kukiamsha. Kwenye mashine isiyowekewa usingizi hakuna anayeviita, na kompaila ikiona kitendaji kimeandikwa lakini hakiitwi hulalamika. Ili kuinyamazisha, watu wakavifungia ndani ya #ifdef CONFIG_PM_SLEEP, mwaka baada ya mwaka, draiva baada ya draiva. Wengine wakabandika alama ya __maybe_unused, ambayo ni kuiomba kompaila msamaha mapema. Kisha ikaja Linux 5.17, Machi 2022, na makro mpya za Paul Cercueil: pm_sleep_ptr, na nyingine yenye jina refu kama la chifu, DEFINE_SIMPLE_DEV_PM_OPS. Kwa makro hizo kompaila inauona msimbo wote, inausoma, inaukagua makosa yake, halafu kama hauhitajiki inautupa yenyewe. Kisanduku hakiongezeki uzito. #ifdef imebaki imesimama, haimzuii mtu, haimwokoi mtu. Wanaotunza Linux wamekuwa wakiziondoa tangu wakati huo, na draiva yetu, kama kawaida ya mambo ya kwetu, habari haijaifikia.

Kuna na ya #if 0. Hiyo sina la kuieleza. Sharti lake ni sifuri, na sifuri haitageuka kuwa moja hata tukiomba. Nyuma yake kuna kurasa mbili za msimbo zilizofungwa zisipite milele, na juu yake maelezo kwamba ni za muda.

Bosi wangu si mtu mbaya. Ananunua chai kwa pesa yake. Lakini mpelekee kiraka cha kuondoa #ifdef uone jinsi uso unavyokunjamana.

"Hii inafanya kazi?"

"Inafanya kazi, bosi."

"Sasa unaigusa ya nini?"

"Kizuizi hiki hakina maana. Sharti lake limeshatimizwa kwenye Kconfig."

"Na kama kuna mtu anakitumia?"

"Nani?"

"Mtu."

Huyu Mtu ndiye mteja wetu mkubwa. Hajawahi kununua kitu, hajawahi kupiga simu, hana anwani, lakini katika kila kikao yeye ndiye anayesikilizwa. Anatumia Linux ambayo haijawahi kutoka, kwenye bodi ambayo hatukuitengeneza, na amewasha machaguo yote tuliyoyazima na kuyazima yote tuliyoyawasha. Mimi ninayekaa na draiva hii kutwa nzima neno langu halimfikii Mtu.

Basi nikaleta ushahidi. Kompaili kabla ya kufuta, kompaili baada ya kufuta, linganisha mafaili mawili yaliyotoka: baiti kwa baiti, hayana tofauti. Bosi akayatazama, akafurahi, akasema, "Kama hakuna kilichobadilika, kwa nini tubadilishe?" Nikampelekea kiraka kingine, hicho cha usingizi, ambapo mafaili yanatofautiana kidogo. Akasema, "Umeona? Kimebadilisha kitu." Mtego huo nauheshimu. Umesukwa na fundi.

Hoja yake anayoipenda ni kwamba #ifdef hailipiwi. Ipo tu. Barabarani nako husema hivyohivyo, ni franka mia tano tu, na mjomba huzijumlisha hizo franka mia tano kwenye bei ya mche wa sabuni, mwisho anayelipa ni mama anayefua mtoni, ambaye hajawahi kuiona barieri hata moja. Kwenye msimbo bei hulipwa vilevile, na mtu mwingine. Msimbo uliofungiwa nyuma ya chaguo ambalo hakuna anayeliwasha haukompailiwi. Usiokompailiwa haujaribiwi. Wenzake wanabadilishwa majina, vitendaji vinaongezewa vigezo, wenyewe uko gizani hauna habari, mpaka siku fundi mmoja wa kijijini awashe lile chaguo na kupokea ukurasa mzima wa makosa ambayo si yake. Tena kuna hesabu. Weka vizuizi kumi visivyotegemeana ndani ya faili moja: hiyo si draiva moja tena, ni draiva 1,024 zinazokaa nyumba moja. Sisi tunaijaribu moja. Tukiamka na bidii, mbili.

Wajerumani, ambao kuhesabu hakuwachoshi, walilipima jambo hili. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Erlangen-Nuremberg waliipekua Linux 2.6.35, na mwaka 2011 wakatangaza kwamba wamekuta kasoro 1,776 za masharti: vipande ambavyo haviwezi kuingia kwa namna yoyote, na vipande ambavyo haviwezi kutoka ingawa vimewekewa sharti kana kwamba vinaweza. Walituma viraka 123, vikarekebisha hitilafu mpya 20 na kuondoa mistari 5,129 isiyohitajika. Hitilafu 20 za kweli, zilizokuwa zimejificha nyuma ya kamba ambazo kila mtu alisema hazina madhara. Ripoti hiyo nilimchapishia bosi. Ameiweka chini ya mguu wa meza unaoyumba.

Wala si habari mpya. Henry Spencer na Geoff Collyer waliandika makala nzima mwaka 1992 kuonya juu ya madhara ya #ifdef, baada ya kuipitisha programu yao ya C News kwenye mashine za kila aina. Mwongozo wa uandishi wa Linux yenyewe unataka, kila inapowezekana, kuepuka kutapanya masharti hayo kwenye mafaili ya .c: yaweke kwenye faili la kichwa, andika kitendaji kitupu cha kuziba pengo chaguo linapozimwa, acha msimbo mwingine uite bila kuuliza maswali. Na kuna mfano ninaoupenda kuutaja kila kikao. Zamani Linux ilikuwa na chaguo la CONFIG_HOTPLUG, kwa ajili ya vifaa vinavyochomekwa na kuchomolewa mashine ikiwa inawaka. Ulifika wakati hakuna mashine inayoweza kuishi bila hilo, likawa limewashwa daima. Alama zake, __devinit na ndugu zake, zilikuwa bado zimetapakaa kwenye draiva za kila kitu kuanzia kadi za sauti hadi kadi za mtandao. Greg Kroah-Hartman na wenzake wakaanza kung'oa. Linux 3.8 ilipotoka Februari 2013 hazikuwemo tena. Dunia haikusimama. Mtu hakupiga simu.

Lakini nisipakwe matope ya uasi. Sikusema vizuizi vyote vife. Tuna kijana mmoja wa mafunzo, mchapakazi, aliyenisikia nikinung'unika akaona ni mapinduzi. Nilipotoka kwenda kula, aliingia kwenye mafaili ya vichwa akaondoa kila #ifndef aliyoikuta mwanzoni. Zile, bwana, zina kazi: zinazuia faili moja lisisomwe mara mbili ndani ya kompaili moja. Niliporudi skrini yake ilikuwa nyekundu kuanzia juu hadi chini, kila kitu kimetangazwa mara ya pili, naye ananitazama kama mtu aliyetumwa.

Nikamweleza habari za Kilambo. Huko Walikale, enzi za mbio za bati, ndege za mizigo zilikuwa zinatua juu ya barabara ya lami ya Kilambo, kwa kuwa uwanja wenyewe haukuwepo. Barabara inafungwa, pikipiki na malori yanasubiri, ndege inashuka, inapakia, inaruka, barabara inafunguliwa. Hapo hata mjomba, ambaye hulalamika akipewa chenji kamili, hakuwahi kulalamika. Sababu aliiona kwa macho, ikija na mabawa, na ikiondoka kamba nayo inaondoka. #ifdef ya namna hiyo ninaiacha. Tunayo moja: msimbo unaogusa rejista zilizomo kwenye toleo moja tu la prosesa, na ukiupeleka kwenye nyingine haukompailiki. Naipita kwa salamu.

Kinachoniumiza zaidi ni ile bodi yenyewe. Lehemu inayotumika sana siku hizi, isiyo na risasi, ina bati asilimia 96.5. Bati Walikale lipo: Bisie watu walianza kulichimba mwaka 2002, na lilitoka kwa migongo, wabebaji wakipita msituni na magunia ya kilo 50 mpaka Njingala, barieri kwa barieri. Mjomba aliwahi kuwa mmoja wao, na anasema mzigo ulikuwa unapungua njiani bila kutoboka. Kondensa ndogo za tantali zilizo karibu na chipu yetu asili yake ni koltani, na koltani iko Rubaya, Masisi. Kwa hiyo inawezekana kabisa kwamba vipande vya bodi hii vilitoka kwetu vikilipa njia nzima, vikavuka bahari, vikayeyushwa, vikarudi vimeunganishwa vizuri na kung'aa, ili vikifika mezani kwangu viulizwe kwa mara nyingine kama CONFIG_OF imewashwa.

Viraka vyangu viko kwa bosi. Cha #if 0 kimepita, kwa sababu hata Mtu hawezi kuitumia sifuri. Vingine vinasubiri kikao, na kikao kinasubiri bosi arudi safari.

Kwenu mnaoandika draiva leo, ombi langu si kubwa. Kabla ya kuandika #ifdef, angalieni Kconfig kama sharti halijawekwa tayari. Angalieni faili la kichwa kama halina kitendaji kitupu cha kuwapokea. Mkilazimika kuiweka, andikeni pembeni yake ni ya nini na itaondolewa lini, kwa sentensi kamili, na anwani inayofika. Na kama kuna msomaji yeyote anayeiendesha chipu yetu kwenye Linux isiyo na OF, ajitokeze kabla ya kikao. Atakayenyamaza, mistari yake naifuta.